Hungaria watu wanapanda treni kwenda kuangalia nyasi, sisi Kigoma na Tabora tunazipita tu

MwishoWaReli (Ujiji)

Wakuu heshima kwenu. Uzi mrefu, mwenye haraka apite kimya kimya asije kulalamika huko chini.

Nilikuwa Hungaria kwa masomo, ile skolashipu ya serikali yao ya Stipendium Hungaricum, chuo kipo mji wa Debrecen mashariki mwa nchi. Pale ukimuuliza mwenyeji wikiendi niende wapi jibu ni moja, nenda Hortobágy. Kuna nini? Kuna nyasi. Nyasi na nini? Nyasi na ng'ombe. Sasa mimi nimezaliwa Ujiji, mjomba yupo Kasulu ana ng'ombe wake, kila nikipanda treni ya Tabora naona mbuga mpaka nasinzia, leo nitoe hela nikaangalie ng'ombe anakula majani? Nikajua hawa jamaa hawana vivutio wanajifariji tu.

Tukaenda kundi la wanafunzi. Treni ya kawaida ya abiria, haimalizi hata saa nzima mpo kituoni Hortobágy. Mkishuka hakuna mlima, hakuna msitu, hakuna cha kuzuia macho. Mimi nimezoea huku ziwa huku milima, pale nageuka kila upande naona mbingu imekalia majani. Hata kaburi la kale linaonekana mlima, kuna vichuguu vya udongo walizikana watu maelfu ya miaka iliyopita basi ndio sehemu ya juu kuliko zote. Eneo la namna hiyo wenyewe wanaita puszta, kwa lugha ya wataalamu ni stepi, nyika ya nchi za baridi.

Ndio hifadhi ya taifa ya kwanza kabisa ya Hungaria, ilianzishwa 1973, na 1999 UNESCO wakaiingiza kwenye Urithi wa Dunia. Simba hakuna, tembo hakuna, twiga ndio usiseme. Kilichowapa hiyo heshima ni nyasi pamoja na wachungaji wake.

Na hapo ndio pa kushika wakuu. Wachungaji wapo NDANI ya hifadhi na ng'ombe wao, kihalali, tena wanaombwa wabaki.

Kuna ng'ombe wao wa asili rangi ya kijivu, pembe ndefu zimepinda kwenda juu, ukimuona kwa mbali utadhani ankole kapauka. Zamani waliswagwa kwa miguu kutoka pale mpaka masoko ya Vienna na miji ya Ujerumani. Kufika miaka ya 1960 walikuwa wamebaki wachache mno, trekta lilishawatoa kazini, wakaokolewa kwa makusudi na leo hifadhi inafuga mifugo yake na sehemu nyingine inakodishwa kwa wafugaji kwa masharti. Kuna kondoo wanaitwa racka, pembe zimesokotwa kama skrubu halafu zimesimama wima. Kuna farasi wa Nonius wanazalishwa pale kijiji cha Máta. Unapanda mkokoteni wa farasi mnazungushwa, mnafika kwenye kisima cha kizamani chenye mti mrefu umelazwa juu ya nguzo, ndoo upande huu uzito upande ule, halafu wanatokea wapanda farasi wamevaa mashuka ya bluu wanapiga mijeledi inalia kama bastola. Tandiko lao halifungwi hata mkanda tumboni mwa farasi. Mmoja anasimama juu ya farasi wawili, mguu huku mguu huku, mbele anaendesha wengine watatu, na mbio juu. Hiyo ni shoo ya watalii sawa, ila farasi kulazwa chini kwa amri ilikuwa na kazi yake, kwenye uwanda ule usio na mti utajificha wapi na farasi wako.

Kilichonigusa lakini ni mambo mengine, nitaendelea. Nakuja.

Kiloleni_Mtoto (Tabora mjini)

Nimekaa pale 😂😂 mkuu yani ulienda ulaya ukaangalia ng'ombe. Ungeniambia ningekupeleka Igunga bure, nauli yako tu.

BintiKasulu

Kaka picha ziko wapi jamani, uzi wa utalii bila picha ni sawa na ugali bila mboga.

MwishoWaReli

Dada picha zipo kwenye simu iliyokufa kioo, fundi akiniokoa nitazileta.

Tuendelee. Niliporudi tena ilikuwa mwezi wa kumi, mwenzangu mmoja wa darasani ni mtu wa ndege, hao wenye darubini shingoni, akasema mwezi huu ukikosa korongo wa kijivu umekosa kila kitu. Tukapanda treni mpaka kituo kinaitwa Hortobágy-Halastó, hapo kuna mabwawa ya samaki ya zamani makubwa sana, kuna na kitreni kidogo cha reli nyembamba kinakuingiza ndani. Wanapunguza maji kwenye baadhi ya mabwawa vuli inapofika, korongo wanapenda kulala wamesimama kwenye maji mafupi, mbweha hawawafikii.

Mchana hamna kitu, wote wametawanyika kwenye mashamba ya mahindi yaliyovunwa wanaokota masalia. Jua likianza kushuka unaanza kusikia kwanza kabla hujaona. Sauti kama tarumbeta mbovu nyingi kwa pamoja. Halafu mistari inatokea upeo wote, mstari juu ya mstari, V juu ya V, wanashuka. Msimu ukiwa umekolea wanapita LAKI MOJA wakuu. Wanatokea Ufini na nchi za Baltiki huko wanaelekea Afrika Kaskazini, pale wanapumzika na kula wiki kadhaa. Nilikuwa nimevaa majaketi mawili natetemeka na sikutaka kuondoka.

Sasa nimesimama pale nikawa nawaza, hivi kwetu pori la akiba la Moyowosi kule kuna korongo nyangumi, yule ndege mwenye mdomo kama kiatu ambaye wazungu wanalia machozi kumuona, kuna na korongo wale wenye ndevu. Mimi wa Kigoma sijawahi kumuona hata mmoja. Nimeenda kuona korongo Hungaria!

Na ukubwa sasa. Hortobágy ni hekta elfu themanini na kidogo, yani kama kilomita za mraba 800. Ardhioevu yetu ya Malagarasi-Muyovozi, Moyowosi ipo humo humo, iliyoingizwa kwenye mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 2000, ya kwanza Tanzania nzima, ni kilomita za mraba 32,500. Hungaria nchi yote ni kama 93,000. Maana yake bonde letu lile ni theluthi ya nchi yao, na mtu wa Kibondo au Kaliua ukimuuliza pale kuna nini atakwambia pori tu, majani.

Ngosha_wa_Kaliua

Mleta uzi ngoja kwanza usiwahi kwenye ndege. Rudi pale kwenye ng'ombe.

Umesema wachungaji wapo ndani ya hifadhi kihalali na wanaombwa wabaki. Kwahiyo ng'ombe wa mzungu ni mhifadhi, wa kwangu ni mvamizi? Maana shemeji yangu ng'ombe wake walikamatwa kwenye hifadhi moja sitaitaja, kulipa faini tu aliuza nusu ya kundi na waliobaki walitoka mifupa. Huyo nae si alikuwa anatunza nyasi?

Nauliza kwa heshima nataka jibu.

Kiloleni_Mtoto

Hapo sasa. Uzi umeanza rasmi 🍿

MwishoWaReli

Ngosha swali la haki. Nilimuuliza mwongozaji wetu siku ile jambo hilo hilo, kwamba kwetu ng'ombe akiingia hifadhini ni kesi, kwenu imekuwaje. Jibu lake kwa kifupi: pale nyasi zikiachwa bila kuliwa zinajifunga, majani makavu ya mwaka jana yanalalia ya mwaka huu, matete na vichaka vinaanza kupanda, na wale ndege wanaotaka majani mafupi ili watage na waone adui kwa mbali wanahama. Zamani za kale kazi ya kula ilifanywa na wanyama pori, farasi mwitu na ng'ombe mwitu. Wakaisha. Ng'ombe wa kufugwa akarithi kazi. Ukimtoa ng'ombe leo hamna mwingine wa kuifanya.

Ndio maana sehemu moja ya hifadhi inaitwa Pentezug wamewaachia farasi wa Przewalski tangu 1997, wale farasi mwitu wa Mongolia ambao huko kwao porini mara ya mwisho walionekana mwishoni mwa miaka ya 60 wakapotea, wote waliopo duniani sasa ni uzao wa farasi kama kumi na kitu waliokuwa wamekamatwa. Wafupi, wanene, rangi ya mchanga, manyoya ya shingo yamesimama kama brashi. Pentezug huruhusiwi kujiingilia tu, ila kuna hifadhi ndogo ya wanyama pale jirani, unapelekwa na gari lao unawaona, pamoja na mbwamwitu na tai. Hao farasi hawapo pale kama urembo, wanakula nyasi, ndio ajira yao.

Afisa_Malisho

Niingie hapa maana ndio mkate wangu, nafanya kazi ya ugani mifugo mkoa wa Tabora.

Ngosha ndugu yangu, alichosema mleta uzi ni kweli tupu lakini usikibebe ukakipeleka mahakamani. Tofauti ni mbili tatu na ni kubwa. Kwanza kwao mlaji wa asili aliisha, kwetu bado yupo. Nyamera, nyati, kiboko, palahala, nzohe kule kwenye matete, hao wote wanakula nyasi na walikuwepo kabla ya mimi na wewe. Ukiingiza ng'ombe elfu tano huongezi mlaji, unamfukuza aliyepo. Pili idadi. Yule mfugaji wa Hungaria mkataba unamwambia ng'ombe wangapi kwenye hekta ngapi, anaingia lini anatoka lini. Kwa mila yao wanatoa mifugo siku ya Mtakatifu George tarehe 24 Aprili na kuirudisha mazizini siku ya Mtakatifu Demetrio tarehe 26 Oktoba, baridi ikija ng'ombe yuko ndani anakula majani makavu aliyokatiwa. Na anayefuata masharti analipwa ruzuku na Umoja wa Ulaya. Kwetu mfugaji anahama na kundi, leo Igunga kesho Kaliua keshokutwa Uvinza, na hakuna anayemlipa hata mia akipunguza.

Tatu sheria, ya wanyamapori ya 2009 haiachi mlango wa kuchunga kwenye pori la akiba, na hifadhi ya taifa ndio kabisa.

Lakini na mimi nikiri upande wako una hoja. Mwaka 2006 watu walivyotolewa Ihefu na Usangu kule Mbeya mifugo haikuyeyuka, ilienda Rufiji, ilienda Lindi, mingine ilipotelea njiani. Ukimtoa mtu sehemu bila kumwambia aende wapi umehamisha tatizo tu, limepanda lori. Mimi ningependa kuona maeneo ya malisho ya vijiji yanapimwa na kuheshimiwa kama tunavyoheshimu mipaka ya hifadhi, bikoni kwa bikoni. Malisho ya kijiji yanaliwa na mashamba ya tumbaku na mpunga kila mwaka na hakuna askari anayeyalinda.

Ngosha_wa_Kaliua

Hapo mwisho umeongea afande. Sisi tunafukuzwa mbele na hifadhi nyuma na jembe. Ila Ngorongoro je? Si Wamasai walikuwa ndani na ng'ombe na nyumbu wapo? Mbona iliwezekana tangu 1959?

Afisa_Malisho

Iliwezekana na ndio inabishaniwa mpaka leo unajua mwenyewe 😅 huo uzi mwingine, tutafungiwa.

BintiKasulu

Jamani wanaume na ng'ombe zenu, mie nauliza vya kwangu. Kaka mwanamke akienda peke yake huko ni salama? Choo kipo? Na chakula, maana nasikia Hungaria ni nguruwe asubuhi mchana jioni.

MwishoWaReli

Dada usalama upo kabisa, nimeona mabibi wa miaka sabini wanatembea na fimbo peke yao. Choo kipo kituo cha wageni kijijini, ukishaingia uwandani ndio umeingia, kichaka chenyewe hamna wa kujificha hahaha.

Njia za kutembea kwa miguu zipo zimewekwa alama na minara ya mbao ya kupanda uangalie mbali. Kuna maeneo unakata tiketi, kuna maeneo yamefungwa kabisa msimu wa ndege kutaga na hawana mchezo. Kiangazi hakuna kivuli, beba maji na kofia, na ukiangalia mbele saa saba mchana unaona mazigazi kabisa, ziwa ambalo halipo. Masika ya kwao buti, ule udongo ukilowa unanata.

Chakula, ni kweli nguruwe wamejaa, wana mpaka nguruwe wa manyoya kama kondoo anaitwa mangalica. Mimi mtoto wa Ujiji nilikula samaki wa mabwawa. Kuna chapati nyembamba ya Hortobágy wanaijaza nyama wanakunja wanamwagia mchuzi mwekundu wa paprika, kwa kawaida ni kuku au ndama ila uliza kwanza. Mgahawa upo pale pale kwenye daraja la mawe lenye matao tisa, lilimalizika 1833, urefu kama mita 167, wafanyabiashara na ng'ombe wao walipita hapo.

Mwl_Nzega

Nimesoma mpaka hapa nikaona nichangie. Watu mnasema kwenda kuangalia nyasi ni mambo ya wazungu, Tanzania ipo hifadhi ya taifa iliyoanzishwa kwa ajili ya nyasi na maua. Kitulo. Ipo kule juu Makete na Mbeya, ilitangazwa 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Nilifundisha Makete kabla ya kuhamia huku. Kuanzia Desemba mpaka Aprili ile nyanda ya juu yote inachanua, okidi za kila rangi, na tandawala, wale ndege wakubwa wa nyikani, wanatembea kwenye majani taratibu kama wakaguzi. Baridi lakini mtani, unavaa soksi mbili.

Kule hoja si ng'ombe tu, watu walikuwa wanachimba vile viazi vya okidi, chikanda, vinapelekwa Zambia wanavisaga wanapika kama soseji. Kwahiyo nyasi zikidharauliwa zinachimbwa na mizizi yake.

Mleta uzi hao tandawala kule wapo?

MwishoWaReli

Mwalimu wapo, tena yule mkubwa wa kwao ni miongoni mwa ndege wazito kuliko wote wanaoruka, dume linaweza kupita kilo 15. Mimi nilimuona kwa darubini tu, kidoto cha kahawia, mwenzangu alikaribia kulia.

Alafu nimekumbuka kitu kizuri. Kwenye vijiji vya kule kuna nguzo za umeme wamezifungia vyuma kama sahani kubwa juu, kwa makusudi, ili korongo weupe, aina nyingine hao sio wale wa mabwawani, wajenge viota. Weupe wenye mabawa meusi mdomo mwekundu, miguu myekundu. Hawalii, wanagonga midomo ka-ka-ka-ka. Mwezi wa nane wanaondoka kijiji kinabaki kimya, wanarudi mwishoni mwa mwezi wa tatu na mwenye nyumba anafurahi kama mgeni wake amefika.

Mzee_wa_Mizinga (Sikonge)

Vijana salaam. Mimi huwa nasoma tu siandiki lakini hao ndege mliowataja nawajua. Miaka ile viwavijeshi wakishambulia mtama na mahindi, hao ndege weupe walikuwa wanashuka mashambani kwa mamia, wanatembea nyuma ya viwavi wanaokota. Sisi watoto tuliambiwa tusiwapige. Kwani wanatoka huko?

MwishoWaReli

Shikamoo mzee wangu. Ndio hao hao. Korongo weupe wa Ulaya mashariki wanapita Uturuki pale Bosporus, wanashuka Israeli, wanafuata Naili mpaka Afrika mashariki na wengine wanafika kusini kabisa. Hawapiti katikati ya bahari kwa sababu wanaruka kwa kupanda hewa ya moto inayotoka ardhini, juu ya maji hewa hiyo hakuna, wangechoka wakaanguka. Kwahiyo ndege aliyezaliwa juu ya nguzo Hortobágy anaweza kuja kula kiwavi cha Sikonge mzee. Na akikuta mbuga zimelimwa zote na dawa zimemwagwa, nguzo ya kule itabaki tupu hata waifunge dhahabu.

Mzee_wa_Mizinga

Marahaba mwanangu. Hilo sikulijua, nimelipenda.

Sasa niwaambie habari ya Ugalla, pori letu la huku Tabora, kwa kuwa Tabora mmeitaja kwenye kichwa cha habari halafu mkaiacha. Mimi nimerina asali mle tangu kijana. Wakati ule ni pori la akiba, kiangazi kikifika tunapewa kibali, wavuvi wanaingia mtoni, warinaji tunaingia na mizinga ya magome na ya magogo, tunakaa kambini tunaishi humo, msimu ukiisha tunatoka na madumu. Simba tunalala nao jirani. Hatukukata mti mbichi ovyo kwa sababu mti ndio ua la nyuki. Mwaka 2019 ikawa hifadhi ya taifa, zaidi ya kilomita za mraba 3,800, na mambo ya kurina mle ndani hifadhi ya taifa haina.

Silaumu. Wapo walioingia kwa kibali cha asali wakatoka na nyama, hilo nalo ni kweli tulilijua. Lakini nikisikia habari ya huyo mchungaji wa kizungu aliyeachwa ndani kwa sababu kazi yake inasaidia, nasema na mrinaji naye angeangaliwa kwa jicho hilo.

Na wewe kijana wa ng'ombe, siku zote kilichozuia ng'ombe Ugalla haikuwa askari, ilikuwa ndorobo. Mbung'o mwenyewe. Alikuwa mlinzi asiyepokea rushwa.

Kiloleni_Mtoto

😂😂😂 mlinzi asiyepokea rushwa. Mzee umemaliza

Ngosha_wa_Kaliua

Mzee hapo siku hizi tunaogesha dawa, ndorobo kapunguzwa makali. Ila nimekuelewa.

Afisa_Malisho

Mzee Mizinga umegusa penyewe. Nyuki ni kesi rahisi kuliko ng'ombe, hali majani wala hakanyagi kingo za mto. Shida ya nyuki ni moto wa mrinaji. Mwenge ukidondoka mwezi wa tisa majani yamekauka, moto huo utakula vijiji vitatu. Kuchoma mapema mwezi wa sita majani yakiwa na unyevu kidogo kunasaidia, moto unapita chini chini mti haufi, wa mwishoni mwa kiangazi unaua mpaka miche. Hapo ndio mrinaji mzuri na mrinaji mbovu wanaachana.

Mleta uzi kule wanachoma?

MwishoWaReli

Nilichokiona mimi ni kulisha na kufyeka, yale majani yanayofyekwa ndio chakula cha ng'ombe wakati wa baridi.

Kitu kingine cha ajabu cha ule uwanda ni udongo. Una chumvi chumvi ya magadi, kuna sehemu umepasuka na unga mweupe juu kama umemwagiwa chokaa. Ardhi ikitofautiana kimo sentimita chache tu majani yanabadilika, hapa nyasi nzuri, hatua mbili mbele mimea ya chumvi, hatua nyingine matete. Karne ya 19 walichimba mifereji wakaunyoosha mto Tisza usifurike, basi watu wengi wanasema ndipo nyika ikazaliwa kwa kukauka. Wachunguzi wa udongo wanapinga, wanasema ile chumvi na nyika vilikuwepo maelfu ya miaka kabla, mto ulichofanyiwa ni kuzidisha ukavu. Na ndicho kilichowaokoa, ingekuwa ardhi nzuri ya mahindi ingelimwa yote zamani, kama zilivyolimwa stepi nyingine za Ulaya. Nikawaza Uvinza na chumvi yake hapo hapo.

Ndio maana nasema mbuga zetu zisiitwe pori tu. Bonde la Malagarasi linapokea maji ya mvua ya Kigoma, Tabora mpaka Shinyanga huko na kuyaachia polepole kwenda Ziwa Tanganyika. Zile nyasi na matete ndio chujio. Wavuvi wa Ziwa Sagara na Nyamagoma wanakula kwa hizo nyasi. Lakini miaka yote anayeingia Moyowosi kwa raha zake ni mwindaji wa kitalii mwenye dola, mwanafunzi wa Kibondo anaisoma kwenye ramani. Mimi sisemi tuingize ng'ombe Ugalla, Ngosha anisamehe. Nasema hata mnara mmoja wa mbao, njia moja ya miguu, boti moja ya kukodi ya kijiji, mtu wa hapa alipe bei ya raia aende akamuone korongo nyangumi arudi. Wale Hortobágy hawana hata robo ya wanyama tulionao na wikiendi treni inajaa.

Mwl_Nzega

Wanafunzi wangu ukiwaambia safari ya kimasomo wanasema Dar. Daraja la Tanzanite 😅 Ila usafiri mkuu, kule ni saa moja kwa treni. Sisi kutoka Nzega mpaka Moyowosi ni kilio na hakuna hata pa kulala.

BintiKasulu

Kwetu Kasulu ipo hapo jirani na sijawahi fika, imeniuma kidogo. Ningeenda ningekaa kwenye mtumbwi nivae miwani nipige picha na huyo ndege kiatu, kwani kuna ubaya?

MwishoWaReli

Hakuna ubaya dada, ndio utalii wenyewe huo.

Na usiku jamani nisisahau. Hortobágy tangu 2011 imetambuliwa kimataifa kama eneo la anga la giza, wanapunguza taa kwa makusudi na watu wanalipia matembezi ya usiku kuangalia nyota. Mimi niliona nyota ndio hizo hizo za Ujiji umeme ukikatika, nikakaa kimya nisiwaharibie.

Kiloleni_Mtoto

Hahahaha sisi tuna anga la giza la lazima.

Sawa mmenishawishi. Mimi na washkaji wawili tuna gari, tunataka Ugalla mwaka huu. Mzee Mizinga twende lini na tubebe nini?

Mzee_wa_Mizinga

Nendeni mwezi wa nane mpaka wa kumi. Mto unakuwa umekatika katika, maji yanabaki kwenye mabwawa, viboko wamebanana humo na mamba kando, na wanyama wote wanakuja kunywa. Masika msijaribu, mbuga ile nyeusi ikilowa hata trekta linalala. Pigeni simu kwanza ofisi ya TANAPA wawaelekeze geti na kambi, msijiendee kwa kuuliza uliza njiani. Maji ya kunywa bebeni yote kutoka mjini, tairi la akiba mawili, koleo, panga. Mafuta jazeni Tabora.

Na nguo vaeni za rangi ya udongo, mikono mirefu. Msivae bluu wala nyeusi, ndorobo anazipenda hizo rangi hata mitego yake inashonwa kwa kitambaa cha bluu.

Kiloleni_Mtoto

Mzee gari lenyewe ni la bluu 😭

Mzee_wa_Mizinga

Fungeni vioo.